Hita Iliyonukia Mawaridi

Mume wangu alipolileta lile gari nyumbani, mie nilicheka hata nikakaa kwenye ngazi ya mlango. Lilikuwa dogo, limesimama juu juu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeshtuliwa usingizini. Nikamuuliza kalinunua au kalipata ndani ya pakti la konfleksi, kama vile vigari vya kuchezea watoto. Yeye hakucheka. Alilizunguka, akafungua kifuniko pale ambapo gari za watu hutiwa petroli, akanionyesha tundu la plagi. Akasema hili halinywi mafuta, hili tutalichaji usiku kama tunavyochaji simu.

Mambo ya gari za umeme hakuyaanzia hapo. Tulipofika London miaka ya tisini, kazi yake ya mwanzo ya maana ilikuwa kwenye bohari la maziwa, kutengeneza vile vigari vya umeme vilivyokuwa vikipita mitaani alfajiri na makreti ya chupa. Vile havikuwa hata na milango, seuze hita. Wauza maziwa wakirudi na pua nyekundu na vidole haviwezi kufungua kitasa. Baadaye watu wakawa wananunua maziwa supamaketi, bohari likafungwa, naye akahamia gereji ya mabasi, lakini mapenzi yake yalibaki kwenye betri. Akizungumza habari za betri utadhani anamzungumzia shangazi yake: baridi haiwezi, ikishikwa na baridi huzubaa, usiihimize. Mie nilikuwa nikimwacha aseme huku nakata vitunguu.

Gari lile alilinunua kwa sababu ya binti yetu. Alizaliwa na ugonjwa wa seli mundu, ule ambao chembe za damu hupinda, zikagandana, zikaziba njia, na mtoto akalia kwa maumivu ya mifupa mpaka wewe mzazi ukatamani umvue mwili uuvae wewe. Na kitu kinachoyaita maumivu yale upesi kuliko vyote ni baridi. Sisi tulikuwa tumehamia Woolwich, yeye skuli yake bado ilikuwa Stratford, ng'ambo ya mto, na hatukutaka kumhamisha kwa sababu walimu wa kule walimjua na nesi wa kule alimjua. Asubuhi alikuwa akisimama kituo cha basi na upepo wa mtoni unampiga. Mwaka uliotangulia alilazwa hospitali mara kwa mara, akakosa masomo, na skuli wakatuita. Wakasema kwa upole kabisa kwamba akikosa na mtihani wa Januari, itabidi arudie darasa. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Tulipotoka pale alinambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba wakimrudisha nyuma na watoto wadogo, yeye hatoki tena chumbani. Na alikuwa haniambii kwa kunitisha. Nilimwona usoni.

Kwa hivyo kazi yetu ilikuwa moja tu: kumfikisha Januari bila ya baridi kumgusa.

Nikamuuliza mume wangu, basi si ungenunua gari kama la wenzio? Akanieleza, na hapo lazima niseme haki, alikuwa kafikiri. Gari la petroli huwezi kupata joto mpaka injini ichemke, na mpaka ichemke umeshafika nusu ya njia unatetemeka. Hili hita yake ni ya umeme, kuna vipande vinavyopata moto na feni inayopuliza. Ukibonyeza tu, joto hilo. Nikabonyeza. Kweli, kabla sijafunga mkanda vidole vilishapata uhai. Nikaacha kucheka.

Mama yake mume wangu tulikuwa tukiishi naye. Alikuja kutoka Unguja na begi moja la nguo na jengine la vitu alivyoona havipatikani Uingereza, na ndani ya hilo la pili mlikuwa na mrashi wake wa fedha na chupa za marashi ya mawaridi, zimefungwa ndani ya kanga moja moja kama watoto wachanga. Kwetu kitu kipya hakiingii nyumbani hivi hivi. Siku ileile alitoka nje na chetezo, akalifukiza lile gari ubani, akalisomea, majirani wanachungulia madirishani. Kisha akashika mrashi. Aliunyunyizia usukani, akavinyunyizia viti, akavinyunyizia na vile vitundu vya mbele vinavyotoa joto, kila kimoja haki yake, kama anavyowanyunyizia wageni wa maulidi viganjani. Alisema joto likitoka hapo litatoka na dua, limpige mtoto kifuani.

Na tangu siku hiyo kila Alhamisi jioni akawa anatoka na mrashi wake, anasoma, ananyunyizia vitundu. Nami sikumkataza, nitamkataza nini? Asubuhi ya Ijumaa tukiwasha hita gari lote linanukia waridi. Wazee niliokuwa nikiwahudumia majumbani kwao wakinambia leo umekuja na harusi. Binti yetu alikuwa akijitia kuchoka na harufu ile, anafungua dirisha mbele ya wenzake, lakini nilimwona mara nyingi akiinamisha pua kwenye vile vitundu akidhani simtazami.

Desemba ikaingia na baridi yake. Hapo ndipo nilipolijua lile gari. Dashibodi palikuwa na mshale unaoonyesha umeme uliobaki, na mshale ule kwenye baridi ulikuwa hauna haya. Siku za joto tulikwenda Stratford tukarudi na chaji tele. Sasa betri zimezubaa, na hita nayo inakula kwenye sahani ileile ya magurudumu. Ukitaka joto unapunguza mwendo wa kufika, ukitaka kufika unapunguza joto. Tulikuwa tukivuka mto kwa kivuko cha Woolwich, na ile foleni ya kungojea kivuko ndiyo iliyokuwa ikinimaliza: gari limesimama, haliendi popote, na mshale unashuka kwa ajili ya hita. Nikajifunza. Nikipeleka mtoto nawasha, nikirudi peke yangu nazima, naendesha na glavu mbili mbili nikiusema ukoo mzima wa mume wangu.

Kisha hita ikaanza kunizingua. Feni ikawa inakwaruza. Joto likawa linakuja uvuguvugu, mara linakatika. Asubuhi moja, katikati ya foleni ya kivuko, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Nilimfunika binti kwa koti langu, lakini baridi ilikuwa imeshaingia. Jioni ile magoti yalianza, usiku tukampeleka hospitali, akalazwa. Alipotoka alikuwa mwembamba, macho makubwa, na kitu cha kwanza alichouliza ni kumebaki muda gani mpaka mtihani.

Mume wangu aliichomoa ile hita akaileta jikoni, akatandika gazeti, akaifungua. Mie nilikuwa nimesimama juu yake na kikombe cha chai. Ndani waya zimefanya kutu ya kijani, feni imeganda, na kwenye vile vipande vya kupashia moto pana ukoko mweupe kama wa birika la zamani. Tena jiko zima likanukia mawaridi. Yeye aliniangalia, mie nikaangalia dari, maana mama alikuwa juu chumbani kwake anasali. Nikaweka kikombe. Nilikuwa nataka kupanda zile ngazi nikamwambie mama, mtoto kalazwa kwa marashi yako, dripu ile ni ya marashi yako. Mume wangu akanikamata ncha ya kanga.

"Usimwambie," akasema. "Nakuomba kwa jina la Mungu, usimwambie."

Nikamuuliza kwa nini. Hakunijibu, na yeye si mtu wa kunificha. Nikasema basi akaendelee kumwaga maji kwenye umeme mpaka atuunguze wote? Akasema hilo yeye atalimaliza. Nikakubali kwa shida. Watu wanaonijua wanajua mie sina kabati la kuwekea maneno.

Alilimaliza namna yake. Alimwambia mama kwamba mtoto sasa harufu zinamkera kifua. Mama akamtazama kwa muda, akaenda kuuweka mrashi. Hakuuliza tena, na gari lilipokaa wiki nzima bila hita hakuuliza hilo nalo. Mume wangu akawa anatafuta vipuri, huku akisugua vinavyosugulika kwa mswaki wa zamani. Kwa muda huo akabuni dawa nyengine. Alipitisha waya mrefu wa umeme kwenye dirisha la jiko mpaka ndani ya gari, mwisho wake akachomeka kile kihita chetu cha chumbani, tukawa tunalipasha gari moto kwa umeme wa nyumba kabla ya safari. Betri haiguswi, na mtoto anaingia kwenye joto. Lakini kihita kile hakikuwa cha kuachwa peke yake, lazima mtu akilinde.

Mama akasema atakilinda yeye. Nilimkuta asubuhi ya kwanza, giza bado, amekaa kiti cha mbele na tasbihi mkononi, kihita kinavuma miguuni. Nikamwambia mama, unaweza kukilinda kutoka mlangoni, huna haja ya kukaa humu. Akanambia anakipasha moto kiti. Ngozi ya kiti ni baridi hata hewa ikiwa moto, akasema, na mtoto atakalia kiti, hatakalia hewa. Akatoka, binti akaingia mahali palepale. Ikawa hivyo kila siku, toka asali alfajiri mpaka sisi tuwe tayari. Hasira zangu zikapungua. Hazikwisha, sisemi uongo, lakini zilipungua.

Hita ikarudi mahali pake siku chache kabla ya mtihani. Feni mpya, waya mpya, ikawa inapuliza vizuri. Siku ya mtihani mume wangu alikuwa kazini tangu alfajiri, kwa hivyo naendesha mie. Mama kaja mlangoni kavaa koti juu ya buibui, akasema na yeye anakwenda. Nikamwambia uzito ukizidi betri inakwisha upesi. Akasema yeye ana uzito gani, akapita, akaingia kiti cha nyuma, ambacho kilitengenezwa kwa mtoto au kwa mkoba. Basi tukaenda.

Kulikuwa na ukungu. Tulipofika mtoni, ng'ambo haionekani, na ubao umewekwa: kivuko hakifanyi kazi. Loo! Nilikaa nimeushika usukani na akili imekwenda. Njia iliyobaki ni kuzunguka kwa Greenwich na kupita handaki la chini ya mto, mbali mara mbili, na asubuhi kama ile London yote imo humo. Nikageuza. Tulipofika karibu na handaki gari zimesimama, zinajongea kidogo, zinasimama. Mshale unashuka. Nikamwambia binti ampigie baba yake. Alisikiliza, akasema baba anasema uzime hita, uende taratibu, usikanyage kwa nguvu, na ukifanya hivyo mtafika. Akauliza kwa sauti ndogo, lazima izimwe?

Niliizima kwa mkono wangu. Kufumba na kufumbua joto limekwenda, vioo vimejaa mvuke, nikawa napangusa kwa mkono wa koti ili nione mbele. Nikasikia mama anasema kutoka nyuma, "Mke mwenzangu, njoo huku." Ndivyo alivyokuwa akimwita mjukuu wake, kwa ule utani wa bibi na mjukuu. Binti akapenya katikati ya viti, na gari zimesimama, hakuna aliyetupigia honi. Kwenye kioo nilimwona mama anamvua viatu, anamvua soksi, anafungua koti lake na buibui, anaichukua ile miguu na kuiingiza ndani, ameibana na tumbo lake. Binti akaona haya kwanza, mtoto mkubwa yule. Kisha akamwegemea. Mmoja anasoma dua, mwengine anasoma kanuni zake za hesabu, na mie nasukuma gari kwa moyo kupita handaki lile.

Tulifika. Mshale umelala kwenye nyekundu. Wenzake walikuwa bado wanaingia. Binti akavaa viatu, nikamuuliza magoti vipi, akasema hayamuumi. Nikamuuliza tena. Akaniangalia kwa uchovu wa watoto wa umri ule, akaenda.

Nikampigia mume wangu. Akasema nisiliguse gari, nilipumzishe, betri ikipumzika hujirudishia kidogo, na yeye akitoka kazini atakuja. Nikamwambia mama twende madukani, kuna joto kule na chai. Akasema nenda wewe, mie namngoja mtoto hapa. Nikakaa. Nitamwacha vipi peke yake kwenye sanduku la barafu? Alikuwa amehamia kiti cha mbele, mikono kaificha ndani ya koti. Tukawa tunatazama lango la skuli.

Baada ya muda akasema, bila ya kunigeukia, "Ile hita niliiua mie, sio?"

Nikanyamaza. Na mie kunyamaza kwangu ni jibu, kila mtu nyumbani analijua hilo.

"Niliisikia harufu siku ile kutoka juu," akasema. "Mwanangu akaja kunambia mambo ya kifua. Nambie wewe. Wewe huwezi uongo."

Mume wangu anisamehe. Nikasema, "Ndiyo, mama. Marashi yaliingia ndani yakala waya."

Akatikisa kichwa polepole. Hakulia wala hakujitetea. Akasema basi hii ni mara ya pili. Sikumwelewa, nikamwacha. Ndipo akanambia, na mie miaka yote ile nimo kwenye ukoo ule nilikuwa sijalisikia, kwamba kabla ya mume wangu alikuwa na mtoto wa kike. Mtoto yule tangu mdogo alikuwa akilia miguu. Siku moja ya masika maji yalikuwa yamekwisha ndani, naye alikuwa na mkono mmoja kwenye unga, akamtuma mtoto bombani. Mvua ikamkuta njiani. Alirudi na ndoo, ameloa, anatetemeka, na alikuwa anacheka. Usiku maumivu yakamshika, asubuhi wakampeleka hospitali, na hakurudi naye. Watu wakasema baridi imemwingia mifupani. Mama mkwe wake alisema mbele ya watu kwamba mtoto kauliwa na mtu aliyemtuma mvuani. Hakuna aliyelirejea tena neno lile, na hakuna aliyelifuta. Mume wangu alizaliwa baadaye, akakua akijua tu kwamba mbele ya mama yake baridi haitajwi kwa lawama.

Sasa nikajua kwa nini alinikamata kanga. Nikahisi uchungu wa kumwonea huruma mtu mpaka mwili unauma. Nikageuka kwenye kile kiti, magoti yanagonga usukani, nikamshika mabega. Kwa desturi simshiki mama mabega.

Nikamwambia vile daktari alivyotuambia sisi. Kwamba ugonjwa ule hauingii kwa mvua wala kwa baridi. Mtoto huzaliwa nao, nusu kapewa na baba na nusu kapewa na mama, na hao wazazi wenyewe wazima, hawana habari. Baridi humchokoza aliyekuwa nao tayari. Wengi wa zamani kule kwetu hawakufika ukubwani, wakitumwa au wasitumwe, kwa sababu dawa hazikuwepo na hakuna aliyejua kinachowaua.

Akasema, "Kwa hivyo nilimpa mie, tumboni."

"Kama nilivyompa wangu mie," nikasema. "Wewe na mzee, na mie na mwanao. Hakuna aliyejua, mama. Hukumuua."

Hapo alinigeukia. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, gari lenyewe dogo lile. Akanitazama jicho hili, akanitazama jicho lile, anautafuta uongo.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena. Akafumba macho. Akaniomba mara nyengine, nikasema, na mara nyengine, nikasema, pumzi zetu zinaganda kwenye kioo mpaka lango halionekani. Sikusikia kengele. Mlango ulifunguliwa, na binti yetu alikuwa amesimama hapo kwa miguu yake, mkoba begani, anauliza kwa Kiingereza bibi ana nini. Mama akajifuta uso kwa kiganja, akamvuta mtoto aingie, akamshika goti hili na goti lile. Kisha akanambia niwashe hita. Nikamwambia mama, tukiwasha hatufiki nyumbani.

"Washa," akasema. "Mtoto ana baridi."

Nikawasha.